Rufiji: meli tunaijua, watu je?



Kila ikitajwa delta ya Rufiji, mazungumzo huishia kwenye Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo ya Kijerumani iliikuta Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Baadaye ikajificha Rufiji, upande wa Salale, imefunikwa matawi ya miti. Waingereza walihangaika nayo miezi na miezi, mpaka wakaleta Severn na Mersey, meli za kina kifupi zilizoundwa awali kwa ajili ya Brazil, pamoja na ndege za kuelekeza mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 ikawa ndiyo basi.

Hayo yamo vitabuni. Lakini hivi, jamani, delta ile ilikuwa haina wenyewe?

Niliwahi kuizunguka kwa boti kutwa nzima, kutokea Nyamisati. Nahodha hakuwa na ramani. Alisoma rangi ya maji na mikoko ya kingoni, akatuhimiza turudi mapema, maana maji yakipwa mtalala juu ya tope. Elimu hiyo haikuanza jana. Majahazi yaliingia humo zamani na zamani kupakia boriti za kwenda mpaka Arabuni, na upana wa chumba cha nyumba ya mawe ya Mswahili ulifuata urefu wa boriti. Ni kweli Wajerumani walishaipima mito ile kwa meli yao, Möwe. Hata hivyo walipima njia ambazo watu walikuwa wakizipita siku zote.

Meli ilipokufa, mizinga yake 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kuwekewa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Nani waliikokota? Watu wetu, kwa kamba na mabega. Mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watalii wanapiga picha. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yao kisiwani Chapwani. Wapagazi wa vita ile, waliokufa makumi ya maelfu, wameachiwa Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, isiyo na jina la mtu, na mtaa unaoitwa Kariakoo.

Mimi naishi Annandale. Kutoka hapa mpaka Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, College Park, ni kushika Beltway tu, na humo zimo filamu za nyaraka za wanamaji wa Kijerumani. Habari za makapteni, basi, haziwezi kupotea. Zinazopotea ni zile zilizo vinywani mwa wazee wa Salale na Nyamisati, walizosikia kwa babu zao. Meli yenyewe imekwisha: ilikatwa vyuma, kilichobaki kikamezwa na tope. Wazee nao hawatungoji.

Kwa hiyo, mnaokwenda nyumbani likizo, mbali na zawadi bebeni na kinasa sauti. Muulizeni mzee: babu yako alivuta nini, alilipwa nini, alirudi?

Wenye zaidi waongeze.

Wasalaam.