Kutoka Kaunta ya Kituo hadi IPOA

Kwa miaka mingi, Mkenya aliyepigwa na polisi aliwashtaki polisi kwa polisi. Alifika kwenye kaunta ya kituo, akamkuta askari wa zamu, akaomba maelezo yake yaingizwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Bila nambari ya OB hapati fomu ya P3, ya kuthibitisha majeraha, na bila P3 iliyojazwa na daktari kesi yake ya kujeruhiwa haina mguu wa kusimamia. Mimi ni msaidizi wa sheria mtaani, huku Eastlands, Nairobi, na nimewasindikiza majirani wengi kwenye kaunta hizo. Jibu tulilozoea ni "rudi kesho", mpaka uvimbe uishe na daktari akose cha kuandika.

Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Askari wa mkoloni alisimamia kodi na kukagua vipande, yaani vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba. Aliwajibika kwa bwana wake, si kwa mwananchi. Uhuru ulipofika mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini aliyeonewa na askari aliendelea kupeleka kilio chake kwa wakubwa wa askari huyo huyo.

Kilichovunja mazoea hayo ni maafa. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Philip Waki iliorodhesha vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Tume ikapendekeza chombo huru cha kupokea malalamiko dhidi ya polisi. Katiba mpya ikaja 2010, sheria ya kuunda chombo hicho, IPOA (Independent Policing Oversight Authority), ikapitishwa 2011, na bodi yake ya kwanza ikaanza kazi 2012.

Matunda yakaonekana. Agosti 2014, Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14, aliuawa kwa risasi za polisi nyumbani kwao Kinango, Kwale. IPOA ilichunguza, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwafunga maafisa wawili miaka 7 kila mmoja.

Mwaka huo huo tulijua pia gharama ya kulalamika. Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na afisa wa polisi, alikuwa amepeleka malalamiko IPOA. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa. Miili yao iliopolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk. Hukumu ilichukua miaka sita: Julai 2022 maafisa watatu na mpasha habari wao walipatikana na hatia ya mauaji.

Tangu hapo, majirani huniuliza kama inafaa kulalamika. Nasema inafaa, ila usiende peke yako. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Andika saa, mahali, nambari ya gari, na jina au nambari ya askari, ambayo sheria inamtaka aivae waziwazi akiwa na sare. Weka nakala kwa mtu unayemwamini. Nayo serikali iwalinde walalamikaji tangu siku ya kwanza, bila kungoja mtu apotee. Watu wamekufa ili tuwe na mlango huu; tusikubali ufungwe kwa woga wetu.