Nguo ya Kuazima: Historia ya Umbo la Kioo cha Kompyuta Mpakato

Chombo cha kazi hupimwa kwa kazi yake, na mtu akishikaye kila siku hukijua kuliko fundi aliyekitengeneza. Mpini wa jembe ukiwa mfupi kupita kiasi, mgongo wa mkulima ndio ulipao deni. Baina ya mwaka wa 2005 na mwaka wa 2011 makarani, wahasibu, wanasheria na watungaji wa programu walibadilishiwa umbo la chombo chao pasipo kuulizwa. Kioo cha kompyuta mpakato, kilichokuwa na sehemu 4 za upana kwa sehemu 3 za kimo, kilitandazwa kikawa 16 kwa 10, kisha 16 kwa 9. Wengi walinung'unika. Manung'uniko yao yalikuwa na haki, lakini yalikuwa na kosa pia, maana walidhani kuwa umbo lililoondolewa ndilo lililokuwa umbo la asili la kazi. Historia yaonyesha vingine.

Umbo la 4 kwa 3 halikuzaliwa ofisini. Lilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1890, katika karakana ya Thomas Edison, ambamo msaidizi wake, William Dickson, alichukua utepe wa filamu wa milimita 35 akaamua kuwa kila picha ichukue nafasi ya matundu 4 ya pembeni. Picha hiyo ilipata upana wa inchi 1 hivi na kimo cha robo tatu za inchi. Uamuzi wa fundi mmoja juu ya matundu ya utepe ukawa desturi ya sinema ya dunia nzima. Televisheni ilipowekewa kanuni zake nchini Marekani katika mwaka wa 1941, ilifuata umbo lilo hilo, maana filamu zilikwisha lizoea, na tena bomba la kioo la siku zile lilikuwa jepesi kutengenezwa likikaribia mraba kuliko likiwa refu la ubavu.

Kompyuta ya mezani ilirithi bomba la televisheni, na pamoja na bomba ikarithi umbo. Hata idadi ya herufi zilizotokea juu yake ilikuwa ya kurithi. Kompyuta ya IBM ya mwaka wa 1981 ilionyesha mistari 25 yenye nafasi 80 kila mmoja, na hizo 80 zilikuwa hesabu ya safu katika kadi za kutobolewa ambazo kampuni hiyo ilizitoa katika mwaka wa 1928. Katika mwaka wa 1987 ilikuja kanuni ya nukta 640 kwa 480, ambayo ni 4 kwa 3 kamili. Baadaye zilikuja nukta 1024 kwa 768, kwa uwiano ule ule. Ndipo jina la "kioo cha kawaida" lilipopatikana. Ukawaida huo ulitoka katika mazoea, wala haukutokana na uchunguzi wa macho ya msomaji au kipimo cha karatasi ya barua.

Hata hivyo mazoea hayo yaliikuta kazi ya ofisi ikiwa tayari kuyapokea. ThinkPad 700C ya mwaka wa 1992 ilikuwa na kioo cha rangi cha inchi 10.4, na wenye shughuli waliisifu kwa ukubwa huo. Lakini kioo cha inchi 10.4 chenye umbo la 4 kwa 3 kina upana wa inchi 8 na kidogo tu, na vidole vya mpiga chapa vyahitaji nafasi zaidi. Katika mwaka wa 1995 ilitoka ThinkPad 701, ambayo kibodi yake iligawanyika vipande viwili. Kifuniko kilipoinuliwa, vipande vilitelezeana na kutokeza nje ya ubavu wa mashine mfano wa mbawa za kipepeo. Mhandisi John Karidis ndiye aliyeubuni ufundi huo. Ulikuwa wa ajabu, lakini ulikuwa pia ushahidi: kioo chenye kimo kizuri kwa macho kilikuwa chembamba kwa mikono. Basi upana ulikuwa na dai lake la haki tangu zamani.

Wakati huo sinema yenyewe ilikuwa imekwisha liacha umbo ililoliazimisha. Televisheni ilipowavuta watazamaji wabaki nyumbani, wenye sinema walitafuta kitu ambacho sanduku la sebuleni lisingeweza kukitoa. Katika mwaka wa 1952 Cinerama ilionyeshwa New York juu ya pazia pana lililopindwa, na mwaka uliofuata filamu ya The Robe ilitangaza CinemaScope, iliyokuwa na upana zaidi ya mara mbili na nusu ya kimo chake. Televisheni nayo ilipotaka kujifanya mpya katika miaka ya 1980, ilibidi itafute suluhu baina ya maumbo mengi. Mhandisi Kerns Powers alichora mistatili ya maumbo yaliyokuwa yakitumika, yote yenye eneo sawa, akaipanga mmoja juu ya mwingine. Akaona kuwa mstatili wa 16 kwa 9 ungeweza kuizunguka yote. Ilikuwa hukumu ya busara kwa shauri lililoletwa mbele yake. Lakini shauri lile lilikuwa la filamu na televisheni, na barua, hati na daftari la hesabu havikuwa na wakili katika baraza hilo.

Kompyuta mpakato ilianza kutanuka kidogo kidogo. PowerBook G4 ya Apple, katika mwaka wa 2001, ilikuwa na nukta 1152 kwa 768, yaani 3 kwa 2. Katika mwaka wa 2005, mwaka ambao Lenovo ilikamilisha ununuzi wa kazi ya kompyuta ndogo za IBM, zilitoka ThinkPad za kwanza zenye kioo kipana, zilizoitwa Z60. Kwa muda mfupi mnunuzi aliachiwa hiari. T61 ya mwaka wa 2007 ilipatikana kwa maumbo mawili, pana na la zamani. Mwaka uliofuata zilikuja T400, T500 na X200, na hiari ikaondoka: zote zilikuwa pana. Kufika mwaka wa 2011, T420 ilikuwa na 16 kwa 9, umbo la televisheni lenyewe.

Sababu kubwa ya haraka hiyo ilikuwa katika kiwanda. Vioo vya siku hizi hukatwa kutoka bamba kubwa, kama fundi cherehani akatavyo mashati katika jora. Maadamu televisheni ndizo zilizokula bamba nyingi, umbo lake lilitawala mikasi. Tena mnunuzi alizoea kuuliza ukubwa wa kioo kwa kipimo cha kutoka pembe hadi pembe, na kipimo hicho huficha jambo. Msomaji na achukue rula ahakikishe. Kioo cha inchi 15 cha 4 kwa 3 kina upana wa inchi 12 na kimo cha inchi 9, yaani eneo la inchi za mraba 108. Kioo cha inchi 15 cha 16 kwa 9 kina upana wa inchi 13.07 na kimo cha inchi 7.35, yaani inchi za mraba 96 hivi. Jina ni lile lile la "inchi 15", na sehemu 11 katika kila 100 za eneo zimetoweka.

Hasara hiyo ilimwangukia mtu wa maandishi. Karatasi ya A4 ina kimo cha milimita 297. Kwa ukubwa wake halisi, kioo cha zamani cha inchi 15 kiliweza kuonyesha milimita 228 za kimo hicho. Kipya kilionyesha milimita 186, kabla ya programu kuchukua sehemu yake ya juu na ya chini. T60 ya mwaka wa 2006 iliweza kununuliwa ikiwa na mistari 1050 ya nukta katika kioo cha inchi 14.1, kioo cha chini cha T420 kilikuwa na mistari 768, sawa na mashine za mwongo uliotangulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na msomaji wa hati ndefu aliinama mara nyingi, akisogeza ukurasa juu na chini na kusahau mwanzo wa kifungu kabla ya kufika mwisho wake.

Lakini haki haina upande mmoja. Mhasibu mwenye jedwali la safu nyingi aliona safu zilizokuwa zimefichika. Mfasiri aliweka asili upande huu na tafsiri upande ule. Kibodi ilipata nafasi yake pasipo mbawa za kipepeo, na msafiri wa ndege aliweza kukifungua kifuniko kifupi nyuma ya kiti kilicholazwa. Kwa watu hawa upana ulikuwa neema.

Kisha mkondo uligeuka. Chromebook Pixel ya mwaka wa 2013 na Surface Pro 3 ya mwaka wa 2014 zilichagua 3 kwa 2. Dell ilirudisha 16 kwa 10 katika XPS 13 ya mwaka wa 2020. ThinkPad X1 Carbon ikafuata katika mwaka wa 2021, na T14 katika mwaka wa 2022. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mashine hizi hazikurudi 4 kwa 3. Zilisimama katikati, mahali ambapo kibodi yatosha na ukurasa wapumua.

Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kioo cha kazi kilivaa nguo ya sinema ya kale, kikavuliwa, kikavishwa nguo ya televisheni mpya. Na mara zote mbili mwenye mwili hakupimwa. Walioililia nguo ya kwanza walililia kitu walichokizoea, na walioisifu ya pili walisifu kitu walichouziwa. Miaka 8 au 10 ya macho yaliyochoka ilihitajiwa kabla ya fundi kushika futi na kumpima mvaaji mwenyewe. Kila chombo kitakachoingia ofisini baada ya hiki chastahili kuulizwa swali moja kabla ya bei yake: kilikatwa kwa kipimo cha nani?