Mvunjiko Maradufu wa Beta Usio na Nutrino

Mvunjiko maradufu wa beta usio na nutrino ni tukio la kiini cha atomi ambalo wanazuoni wa fizikia wamelidhania tangu mwaka 1939, alipolieleza Wendell Furry kwa kuifuata nadharia aliyoitoa Ettore Majorana mwaka 1937, wala hadi leo halijathibitika. Katika mvunjiko maradufu wa kawaida, uliotazamwa waziwazi maabarani kwa mara ya kwanza mwaka 1987, nutroni mbili hugeuka protoni kwa pamoja na kutoa elektroni mbili na antinutrino mbili. Na kwa kuwa kila elektroni huhesabiwa leptoni moja, na kila antinutrino hasi moja, jumla husalia sifuri kama ilivyokuwa. Lakini iwapo nutrino na antinutrino ni kitu kimoja, kama nadharia ya Majorana inavyoruhusu, yamkini elektroni zile zitoke peke yake, leptoni mbili zikazuka pasipokuwa na kitu, na hapo wanazuoni wangepata dalili adhimu ya sababu ya ulimwengu kujaa maada badala ya kinyume chake.

Alama itafutwayo ni bayana: antinutrino zikikosekana, elektroni huichukua nishati yote, ambayo kwa gerimani-76 ni kiloelektronivolti 2039. Taabu iko katika unururifu wa asili, uliomo katika mawe na madini karibu yote, na katika mionzi ishukayo kutoka angani. Kwa ajili hiyo watafiti wa Gran Sasso, Italia, hufanya kazi chini ya jabali lenye kina cha meta 1400 hivi. Na wale wa jaribio la CUORE, wanaochunguza teluri-130, wameikinga mitambo yao kwa risasi ya Warumi iliyoopolewa katika jahazi lililozama karibu na Sardinia yapata miaka 2000 iliyopita, maana risasi mpya huwa na risasi-210, ambayo nusu ya atomi zake huvunjika kila miaka 22 hivi, na katika ile ya kale imekwisha zamani.

Mwaka 2001 Hans Klapdor-Kleingrothaus na baadhi ya wenziwe wa jaribio la Heidelberg-Moscow walitangaza kwamba wameiona alama katika gerimani, wakapingwa vikali, hata na watu wa kundi lao wenyewe. Jawabu la insafu lilikuwa kuirudia gerimani ile ile kwa usafi mkubwa zaidi, na ndivyo lilivyofanya jaribio la GERDA, lililozamisha vigunduzi vyake katika arigoni ya kimiminika: lilipofunga hesabu mwaka 2020 halikuona kitu, likahukumu kwamba nusu-maisha ya tukio hili, kama lipo, yazidi miaka 1.8 × 10²⁶. Huko Kamioka, Japani, KamLAND-Zen imefikisha 3.8 × 10²⁶ kwa zenoni-136, na tangi la GERDA sasa limerithiwa na LEGEND-200, inayokusudia kuvuka 10²⁷.