Njia za miguu mashambani Uingereza
Tangu mwishoni mwa Februari mashamba ya Uingereza huanza kuamka. Vichaka vya miiba huchanua maua meupe kabla ya kuota majani, na wana-kondoo huonekana malishoni. Mtembeaji hukatiza shamba la mtu bila kuomba ruhusa, maadamu anafuata njia ya umma iliyomo katika ramani rasmi zilizoagizwa na sheria ya mwaka 1949. Nyika zilichelewa: mwaka 1932 watu watano walifungwa jela baada ya mamia kuupanda mlima Kinder Scout, uliozuiwa kwa ajili ya uwindaji, haki ilipatikana kwa sheria ya mwaka 2000. Huko, Machi 1 hadi Julai 31, mbwa sharti afungwe kamba isiyozidi meta 2. Kwa tope la Machi, viatu vya mpira vinafaa kuliko mwavuli.