Somo la Kumi na Mbili: Jinsi Elektroni Ilivyogunduliwa

Katika somo lililopita mlisikia ya kwamba kila kitu, jiwe, maji, hata mwili wako, kimejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo atomu. Wataalamu wa zamani waliamini ya kwamba atomu haigawanyiki. Leo tutaona jinsi imani hiyo ilivyovunjwa.

Fikirini chupa ndefu ya kioo. Hewa yake imetolewa kwa pampu, na umeme unapitishwa ndani. Umeme, kama mjuavyo kwa betri ya tochi, una pande mbili, chanya na hasi. Basi upande wa hasi hutoa miali, na kioo kinapopigwa na miali hiyo hung'aa kijani. Miali hiyo ni kitu gani? Wajerumani wengi walisema ni mawimbi. Waingereza wengi walisema ni chembe zenye umeme.

Mwaka 1883 Heinrich Hertz wa Ujerumani alijaribu kuipinda miali kwa nguvu ya umeme. Haikupinda. Wengi wakaona ya kuwa si chembe.

Lakini J. J. Thomson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, hakuridhika. Alitambua ya kwamba hewa kidogo iliyobaki chupani ndiyo iliyoharibu jaribio, maana ilizuia nguvu ya umeme isiifikie miali. Thomson hakuwa hodari wa kazi za mikono; chupa zake zilitengenezwa na msaidizi wake, fundi Ebenezer Everett. Hewa ilipotolewa zaidi, miali ikapinda kuelekea upande wa chanya. Kumbe ni chembe zenye umeme wa hasi!

Thomson akabadili madini, akabadili na hewa, chembe zikawa zile zile. Basi zimo katika kila atomu. Leo twajua ya kwamba elektroni 1,800 hivi ndizo zenye uzito sawa na atomu moja ya haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote.

Alipotangaza habari hiyo London, tarehe 30 Aprili 1897, msikilizaji mmoja mwenye sifa alidhani anafanya mzaha. Mwaka 1906 Thomson alipewa Tuzo ya Nobel. Na redio inayowaletea somo hili hufanya kazi kwa elektroni.

Kumbukeni: jaribio likishindwa, kitazame kwanza chombo chako.

Maswali
1. Kwa nini Hertz hakufaulu?
2. Kazi ya Everett ilikuwa nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.