Sloti, Waya na Kompyuta za Mtumba: Kutoka Mwanza Mjini hadi Buhongwa

Historia ya kuunganisha kompyuta jijini Mwanza haifuati mpangilio unaozoeleka katika vitabu vya watengenezaji, ambamo kila kizazi cha mashine humpisha mrithi wake, kwa kuwa kando ya Ziwa Victoria vizazi viwili au vitatu viliweza kukutana juu ya meza moja. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na hata amri hiyo ilipokwisha kulegezwa, mashine nyingi zilizofika katika ofisi, shule na maduka ya mikoani zilikuwa za mtumba, zilizokwisha kutumika ng'ambo, kila moja ikiwa na umri wake na matundu yake.

Matundu hayo, ambayo mafundi huyaita sloti, ndiyo hupokea kadi ya mtandao, yaani ubao mdogo unaoiwezesha kompyuta kuzungumza na nyingine kwa waya. Sloti ya ISA ilitokana na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ikapanuliwa mwaka 1984, na ilimtaka fundi aipangie kadi kwa mkono namba ya kuombea huduma ya prosesa. Kadi mbili zikipewa namba moja, aghalabu zote mbili hukwama. Sloti ya PCI, iliyobuniwa na Intel na kutolewa mwaka 1992, iliiachia mashine yenyewe kazi ya kugawa namba hizo. Kwa miaka kadhaa ubao mkuu mmoja ulikuwa na sloti za aina zote mbili, nyeusi na nyeupe bega kwa bega, lakini kadi ya moja haiingii katika nyingine hata kwa nguvu, na aliyenunua bila kufungua kasha la mashine kwanza alinunua pambo.

Waya nao ulikuwa na masharti yake. Mtandao wa Etheneti, uliobuniwa na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya Xerox mwaka 1973, baadaye ulikuja kupitia waya mwembamba wa mviringo unaofanana na wa antena ya televisheni, usiozidi mita 185 kwa kipande, wenye kizibo cha omu 50 kila mwisho. Ukikatika mahali pamoja, ofisi nzima hunyamaza. Mwaka 1990 kikaja kiwango cha waya wa jozi zilizosokotwa, unaoishia kwenye kichwa cha RJ45, ambapo kila mashine huwa na waya wake usiozidi mita 100 hadi kwenye kitovu. Kadi nyingi za kipindi hicho cha mpito zilitengenezwa na milango ya aina zote mbili, jambo lililomfaa sana fundi asiyejua kesho ataletewa nini.

Kilichoupa ujuzi wa kulinganisha kadi, sloti na waya thamani Mwanza ni gharama. Kabla ya nyaya za baharini kufika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilitegemea setilaiti, na kiungo kimoja cha bei kubwa kililipa tu pale kilipogawanywa kwa mashine nyingi, kila moja ikihitaji kadi. Dar es Salaam yenye maduka mengi ya vipuri iko zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, hivyo kadi isiyolingana ilikuwa hasara ya muda kuliko ya fedha. Buhongwa, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo kando ya barabara kuu ya Shinyanga, ilijaa nyumba na maduka kadiri jiji lilivyopanuka kuelekea kusini, na kwa sehemu kama hiyo enzi ya waya wa mviringo ilikuwa imekwisha kupita.

Tangu enzi ya PCI sloti imebadilika tena, PCI Express ikitolewa mwaka 2003, na kadi yenyewe imehamia ndani ya ubao mkuu, lakini kichwa cha RJ45 kimebaki kilekile. Ulinganifu huo wa nje hudanganya. Mitandao ya megabiti 10 na 100 hutumia nyuzi nne tu kati ya nane, na baadhi ya mafundi waliokuwa wakibana matumizi waligawa waya mmoja kwa kompyuta mbili; gigabiti, iliyowekewa kiwango chake cha waya wa shaba mwaka 1999, inadai nyuzi zote nane, hivyo mashine mpya ikichomekwa kwenye waya uliogawanywa hivyo hurudi kwenye mwendo wa megabiti 100 bila kutoa taarifa yoyote, au hushindwa kabisa kuunganika.