Nguruwe wa Zaka

Leo twawaletea habari ya jagi la pombe. Msishtuke. Ni jagi la udongo, la Uingereza, la miaka zaidi ya 200 iliyopita. Juu yake wamechorwa watu watatu: mkulima na mtoto wa nguruwe, mkewe na mtoto mchanga, na mbele yao kasisi mnene.

Siku hizo zaka haikuwa sadaka ya hiari, ilikuwa sheria. Mkulima alidaiwa sehemu ya kumi ya nafaka, ya sufu, ya wana-kondoo, hata ya maziwa na mayai. Nguruwe akizaa kumi, mmoja ni wa kasisi. Wakristo wa Quaker, ambao huku kwetu twawajua kama Marafiki, walikataa kulipa, na wengine wakatiwa gerezani.

Katika mchoro huu ni mama anayejibu. Kama wamtaka nguruwe wa kumi, amwambia kasisi, basi mchukue na huyu, mtoto wetu wa kumi. Kasisi hamtaki mtoto. Basi na nguruwe asimpate!

Zamani zaidi, Waingereza walimcheka mtu wa mbali. Chupa zenye uso wa mzee mwenye ndevu, zilizotoka Ujerumani, walizipachika jina la Kardinali Bellarmino, ingawa sura hiyo ilikuwa ikifinyangwa kabla yeye hajawa kardinali. Kumcheka mtu wa Roma ukiwa London hakugharimu kitu. Lakini jagi la nguruwe lamcheka kasisi wa kanisa lao wenyewe, aliyewabatizia watoto na kuwazikia wazazi.

Sisi makasisi tutakuwa wepesi kusema huo ni utovu wa adabu. Tulitazame tena. Mchoro haumcheki Mungu, wala ubatizo. Wamcheka mchungaji aliyezihesabu mali za kondoo wake asiwahesabu watoto wao. Bwana wetu mwenyewe aliwakemea waliotoa zaka ya mnanaa na jira wakasahau rehema. Someni Mathayo 23. Wakulima wengi wa nyakati hizo hawakuwa na kura. Jagi walikuwa nalo.

Mwaka 1836 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kugeuza zaka ya mazao kuwa fedha, na nguruwe akabaki zizini. Mwaka 1936 malipo hayo nayo yakafutwa, ila wenye mashamba waliendelea kuilipa serikali fidia yake mpaka 1977.